Boya la Mabrura

Zamani ukija kwetu Quseir, pwani ya Misri, ukauliza meli ya Mabrura ilizama wapi, ungekaribishwa kahawa ya tangawizi, ungeulizwa habari za safari na hali ya watoto, na ungeondoka hujaambulia kitu. Si kwamba watu hawakujua. Walijua sana. Wavuvi walikula yamini, baba na mwana, kwamba mahali pale hapatajwi mbele ya mgeni, na sisi tusiokwenda baharini tukajifanya wajinga ili tusiwaharibie. Maana mwaka ule ule meli ilipozama walikuja watu kutoka kaskazini kung'oa shaba na vyuma, bila hata kuona haya, na wazee wetu wakawafukuza kwa marungu. Tangu hapo midomo ikafungwa.

Mabrura ilikuwa meli ya mahujaji. Ilikuwa inarudi kutoka Jidda imejaa watu wa Qena na Qift, miji ya mto Nile, na wetu wa hapa hapa, ikapanda mwamba alfajiri huku taa za mji zinaonekana. Watu walikuwa wameshavaa nguo za kuteremkia. Kila hajji alikuwa na sanda yake sandukuni, ameiosha kwa maji ya Zamzam kama ilivyo ada yetu, ili aje azikwe nayo siku yake ikifika. Siku ikafika papo hapo. Sanda zikabaki masandukuni, wenyewe wakaenda chini na nguo za mapokezi. Jambo hilo Inshirah, binti wa Wahiba, hakuweza kulimeza maisha yake yote.

Alikuwa mtoto wakati huo. Mjomba wake alikuwa ameshaipamba nyumba kumpokea Wahiba kutoka hija: ukuta wa mbele umepakwa chokaa, Kaaba imechorwa, meli inayotoa moshi imechorwa, na mama yake Wahiba amesimama ndani ya meli na nguo nyeupe, mkubwa kuliko dohani. Rangi haijakauka vizuri, habari ikafika. Picha ile hakuna aliyethubutu kuifuta wala kuipaka rangi upya. Inshirah akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, akarudi kuishi nyumba ile ile, na kila alipotoka nje alimkuta mama yake bado yuko safarini.

Sasa, kwetu asubuhi ya Idi mtu haendi popote kabla hajapita makaburini. Unakwenda na makuti ya mtende unayaweka juu ya kaburi, unakaa na mtu wako, unasoma unachojaliwa, na unagawa mikate ya rehema kwa yeyote aliyepo, masikini kwa tajiri, unayemjua na usiyemjua. Anayeupokea mkate ule inampasa amwombee maiti. Wenye watu wao kwenye Mabrura hawakuwa na pa kukaa. Walipanda mashua ya Nahodha Ghubashi, mvuvi mzee aliyepajua mahali pale, wakaenda mpaka pale alipozima injini, wakasoma Fatiha, wakatupa makuti majini, wakagawana mikate wao kwa wao, wakarudi.

Kila mwaka Inshirah alirudi na donge rohoni. Ilimjia fikira kwamba Ghubashi anawazungusha tu, kwamba mwaka huu amesimama hapa na mwaka jana alisimama kule. Macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Hakuwa ameandika popote. Alipajua mahali pale kwa kuoanisha mnara wa msikiti na kilele cha mlima nyuma yake, na sasa mnara wenyewe alikuwa anauona kwa kubahatisha. Akifa huyu, aliwaza Inshirah, mama yangu anakufa mara ya pili.

Ndipo akaanza kudai alama. Boya, alisema. Boya kubwa lenye mnyororo, liwe juu ya maji mahali pa jiwe la kaburi. Ghubashi hakutaka hata kusikia.

"Mwanangu, waache walale," alimwambia. "Ukimwekea alama ndugu, umemwekea na mwizi."

"Na ukifa wewe, nahodha? Nani atanionyesha mama yangu alipo?"

"Mungu anajua alipo."

"Mungu anajua. Mimi ndiye nisiyejua."

Na Inshirah, ukimjua, akishika jambo haachii. Ndugu zake walisema ana kichwa cha punda wa kubeba maji, na walisema hivyo kwa heshima. Alizunguka nyumba kwa nyumba. Aliwaendea watu wa Qift, aliwaendea wa Qena, aliwaliza wazee ambao walikuwa wameshamaliza kulia miaka mingi. Akawauliza: ni kaburi gani la Mwislamu lisilo na jiwe la kumwambia mpita njia aseme salamu? Hata sisi tuliona aibu hiyo hiyo. Mwishowe Ghubashi akakubali shingo upande, akawapeleka.

Aliyelifunga boya ni Karam. Karam ni mtoto wa marehemu kaka yake Inshirah, kwa hiyo Wahiba aliyeko chini ni bibi yake mzaa baba. Kijana huyu kazi yake ni kupiga mbizi. Anawaongoza watalii majini, wenye mitungi ya hewa migongoni. Ndiye aliyeshuka na jiwe la zege, akaliweka mchangani hatua chache kutoka ubavuni mwa meli, akaufunga mnyororo mnene wa kuhimili dhoruba. Boya lenyewe lilipakwa kijani, na kwa herufi nyeupe likaandikwa: Haya ni makaburi. Wasomeeni Fatiha.

Nakwambia ile Idi ilikuwa Idi. Wanawake walipiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Inshirah aliinama kutoka kwenye mashua akafunga kuti la mtende kwenye pete ya boya kwa mikono yake mwenyewe, akalikumbatia lile boya lililolowa mpaka gauni likaloa kifuani, na hakuna aliyemcheka. Aliporudi nyumbani alilala mchana kutwa, usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Boya lina pete, na pete ni kitu cha kufungia kamba. Hilo halikumjia yeyote kichwani, si Inshirah wala mimi. Siku moja ya upepo boti ya watalii ilikuwa inatafuta mahali pa kujishikiza, ikaliona boya, ikafunga. Nahodha wake alikuwa mtu wa mbali. Wageni wakamwuliza maandishi yale ni ya nini, naye akawasomea, meno nje. Kulikuwa na haja gani ya kuuliza zaidi? Wakavaa mitungi yao wakashuka. Wiki iliyofuata zikaja boti mbili. Kabla ya mwaka kwisha, kule mahotelini kulikuwa na picha ya Mabrura ukutani, na siku maalumu ya kwenda kuiona.

Inshirah hakujua. Nani angemwambia? Kutoka pwani boya halionekani, na kila mtu alikuwa anamwogopa, na nusu ya mji ilikuwa na kijana anayepata riziki kwenye boti hizo. Alijua siku aliyokwenda kumtembelea mke wa Karam aliyejifungua. Karam alikuwa amelala, simu yake iko mezani, watoto wanaichezea. Kwenye video akaona maji ya buluu na taa inayotembea ndani ya ujia wa chuma. Akaona masanduku. Akaona ndara moja ya kike, imekaa peke yake kwenye ngazi. Kisha akaona mkono wa mtu mwenye glovu ukiinua birika la kutawadhia, ukalikung'uta tope, ukalihamishia mahali penye mwanga mzuri, na mtu mwingine akalipiga picha.

Hakupiga kelele. Aliwaambia watoto warudishe nyuma, akatazama tena, na tena. Kisha akaenda akamwamsha Karam kwa kumtikisa mguu.

"Hii ni wapi?"

Karam alikaa kitandani. Alitazama simu, akamtazama shangazi yake, na hakujaribu kudanganya. Alimweleza yote, kuanzia siku ya boti ya kwanza. Akasema yeye mwenyewe anawaongoza huko tangu majira ya joto, kwa sababu alijua watakwenda tu, na aliona bora waende na mtu anayejua ni nini kile. Akasema waongozaji wa hapa wamepatana jambo moja: chumba cha wanawake hakiguswi. Mlango wake ulijifunga meli ilipolala ubavu na haujafunguka tangu siku ile, na yeyote anayeusogelea hurudishwa.

"Mama yangu yumo humo?"

"Wanawake wote wamo humo, shangazi."

"Umeona?"

"Sijaona. Hakuna aliyeona. Mlango umefungwa, nakwambia. Nikifika pale namsalimia. Kila nikishuka namsalimia. Katika ukoo huu nani mwingine anamsalimia bibi kila siku?"

"Unamsalimia huku umemletea wageni."

Mtoto mchanga alikuwa analia chumba cha pili na Inshirah, aliyekuja kumwona, aliondoka bila kumpakata.

Kuanzia hapo alihangaika, na nasema alihangaika kweli kweli. Alikwenda ofisini mkoani. Afisa alimpa chai, akamwita hajja, akamsikiliza mpaka mwisho, mtu mwenye adabu zake. Akamweleza kwamba meli ile haijatimiza umri wa kuitwa kitu cha kale, kwa hiyo wanaolinda vitu vya kale hawawezi kuishika; wenye meli walikwishafilisika na kufa, kwa hiyo hakuna wa kulalamika kwamba kaingiliwa; na makaburi yanayolindwa ni yale yaliyoko nchi kavu, yenye ukuta. Arudi baada ya miaka arobaini, alisema, huenda sheria ikamsaidia. Hakuwa anamdhihaki, na hilo lilimuuma zaidi kuliko dhihaka.

Akamwendea shekhe. Shekhe akatoa hotuba ya Ijumaa kuhusu heshima ya maiti, hotuba ambayo ilimtoa mtu machozi. Wenye boti walikuwa safu ya mbele, na wao pia wakalia, wallahi niliwaona. Jumapili wakapeleka watalii kama kawaida. Mmoja wao alimfuata Inshirah mpaka nyumbani kumpa pole, akamwambia kwa moyo safi kabisa kwamba wageni wake wanapenda sana hadithi ya mahujaji, je, angekubali kupanda naye siku moja moja awasimulie? Inshirah alimfungia mlango usoni.

Basi akakata shauri. Yeye ndiye aliyeweka alama, yeye ataitoa. Akamwita Karam uani kwake, akamwambia akakate ule mnyororo na kumletea boya nyumbani.

"Haitasaidia," Karam alisema. "Kila boti ina mashine inayokumbuka njia. Watakuja na boya au bila boya."

"Bila pa kujifunga watachoka."

"Shangazi, hawachoki, na watajifunga. Sasa hivi wanajifunga kwenye mnyororo wako. Ukiutoa watajifunga kwenye meli."

Maneno yale yalikuwa wazi kama mchana. Lakini Inshirah hakusikia maneno, alisikia mtu anayetetea tonge lake. Akamwambia mambo ambayo shangazi hamwambii mtoto wa kaka yake. Kwamba amemgeuza bibi yake ngazi ya kupandia maisha, na kwamba baba yake angekuwa hai angemkana. Karam aligeuka rangi. Akaenda siku hiyo hiyo, akakata, akalileta lile boya kwenye mkokoteni, akaliangusha uani, akaondoka bila kunywa hata maji.

Nahodha Ghubashi alikuwa kitandani wakati huo, hali si nzuri. Inshirah alikwenda kumwambia, akidhani atafurahi. Mzee alimtazama na yale macho yake yaliyozibika. "Ulipoiweka alama ulikosea," alisema. "Ulipoitoa umekosea zaidi." Akageukia ukutani. Akafariki kabla ya mwezi kwisha, na ule mnara na kile kilele cha mlima akaondoka navyo.

Ikaja baridi, na pamoja nayo ule upepo wetu wa kaskazini usio na simile. Boti zilikuwa zinaenda vile vile. Mabaharia wake walikuwa wanashuka na kamba na kuzifunga kwenye vyuma vya pembeni vya Mabrura, vyuma vilivyokaa majini tangu kabla wao hawajazaliwa. Siku moja boti mbili kubwa zilijifunga ubavu mmoja, upepo ukageuka, bahari ikachafuka, na zote mbili zikavuta upande ule ule asubuhi nzima.

Karam alikuja mchana, nguo ya mbizi bado mwilini, maji yanamchuruzika sakafuni. Tangu siku ya mkokoteni hakuwa amekanyaga pale. Alisimama mlangoni kama mgeni.

"Upande wa wanawake umeanguka," alisema.

Inshirah alikuwa anachambua dengu. Aliendelea kuchambua kidogo, vidole vyenyewe tu.

"Mlango?"

"Hakuna mlango. Hakuna ukuta. Kila kitu kimemwagikia mteremkoni, vyuma na mchanga na…" Akaacha. "Nilijaribu kufunika. Nilifunika kwa mikono mpaka hewa ikakaribia kuniishia. Kuna mkondo, shangazi. Ninachofunika unakifunua."

"Na mama yangu?"

"Sijui tena. Nilikuwa najua alipo. Sasa sijui."

Akaketi palepale sakafuni katika maji yake na kulia, mtu mzima, baba wa watoto. Inshirah alitaka kumwomba radhi kwa yale aliyomwambia, badala yake akaziweka dengu chini, akasogea. Alimwekea mkono kichwani. Alijua, na hakuna wa kumsaidia kutokujua, kwamba kamba zile zimefungwa na wengine lakini njia zote mbili, ya kuliweka boya na ya kulitoa, alizifungua yeye.

Idi ikafika. Ndugu walikuja kutoka Qift na Qena na mikate yao na makuti yao. Hakuna aliyemlaumu mbele ya watu. Walimpa mkono, wakauliza afya, kisha walipopanda mashua, wote wakakaa upande wa mbele na yeye akabaki nyuma peke yake karibu na injini. Mwana wa Ghubashi ndiye aliyeshika usukani. Alizunguka huku na huku, akatazama mlima, akatazama mnara, akakiri kwamba hajui. Baba yake alimwonyesha akiwa mdogo, na boya lilipowekwa hakuona haja ya kukumbuka.

Waliipata Mabrura kwa kufuata boti za watalii. Zilikuwa tatu zimesimama pamoja, na mwana wa Ghubashi akaelekea hapo bila kuuliza mtu. Walipokaribia, muziki ukazimwa. Waongozaji waliwaambia wageni wao wasimame, na wageni wakasimama, wakavua kofia, watu wazuri tu, na baadhi wakanyanyua simu. Fatiha ikasomwa. Mapovu yalikuwa yanapanda kutoka chini katikati ya makuti.

Kisha ikaja mikate. Ada ni ada: anayekuwepo kaburini anapewa. Hakuna aliyetaka kunyoosha mkono upande ule, watu walitazamana, mzee mmoja wa Qift akasema turudi. Inshirah akasimama na kikapu chake. Akasogea mpaka ukingoni, akawagawia wageni mmoja mmoja kutoka boti hadi boti, na kila aliyepokea akamwambia kwa kinywa chake kwamba aliyeko chini anaitwa Wahiba. Hawakuelewa. Walisema asante, wakala, wakasema ni mitamu.

Karam alikuwa kwenye boti ya tatu. Inshirah alipoufikisha mkate mkononi mwake hakuuachia.

"Lile boya liko uani," alisema. "Kalirudishe."

"Shangazi…"

"Wafunge kamba zao hapo, wasiiguse meli iliyobaki. Ulishaniambia."

"Na maandishi?"

"Nitayafuta mimi. Watu wasifunge kamba zao kwenye Fatiha."

Aliyafuta kesho yake, ameketi juani uani, kwa kisu cha jikoni na mchanga. Rangi ile nyeupe Karam aliipaka vizuri mno siku zile, ilikataa kutoka. Ilimchukua mpaka alasiri. Majirani waliopita walimsalimia kutoka mbali wakaendelea na safari zao. Alipomaliza lilikuwa boya kama maboya mengine.

Karam akaenda nalo na mnyororo mpya. Wiki ile ile boti zilikuja, zikafunga hapo, na meli haikuvutwa. Jioni alipita kumwambia shangazi yake kwamba pete imeshika vizuri na kwamba nahodha wa boti kubwa ametoa shukrani. Inshirah akasema alhamdulillahi, akamkaribisha chai, akamwuliza hali ya mtoto. Karam alipoondoka, Inshirah aliingia ndani akalia.